Ruhusa ya Mistari Minne

Kwanza nilisikia makofi. Mawili ya haraka, kimya kidogo, kisha moja zito. Nilikuwa stoo, nimepiga magoti kati ya maboksi ya chaki na mikeka iliyokunjwa, natafuta mkasi. Dirisha la stoo lilikuwa juu, dogo, limezibwa kwa wavu, kwa hiyo sikuona mtu. Baada ya makofi zikaja sauti za watoto ishirini na kitu, wanaimba kwa pamoja:

Chiriku kafungulia,
bomba lake lamwagika,
maji yanatufikia,
leteni ndoo haraka!

Nikaacha kutafuta mkasi. Nikahesabu mizani kwa vidole, kama ninavyofanya kila nisikiapo shairi, liwe langu au la mwingine. Nane, nane, nane, nane. Hakuna mtoto aliyedondosha hata silabi moja. Watoto wa miaka mitano! Nilitabasamu peke yangu mle ndani, vumbi limenijaa puani, nikajiambia kwamba shairi likiimbwa uwanjani bila mtunzi kuwepo, hilo limeshakuwa hai.

Naiandika sentensi hiyo na masikio yananiwaka moto. Lakini ndivyo nilivyojiambia, na nikianza kuficha hapa mwanzoni nitaficha mpaka mwisho.

Nilipotoka nje niliwaona wamefanya duara karibu na mabomba ya kunawia. Katikati ya duara hakukuwa na mtu. Yule aliyekuwa akiimbwa alikaa mbali, kwenye ngazi ya darasa, amevuta sweta lake mpaka likafunika magoti na viatu, kidevu amekiegemeza juu yake. Hakuwa akilia. Alikuwa akiwatazama tu, kama mtu aliyejibanza kibarazani akisubiri mvua ikatike.

"Punguzeni sauti," niliwaambia. "Wadogo wamelala."

Hilo tu. Sikuwaambia waache.

Mtoto huyo wa kike tulimwita Chiriku. Jina nilimpa mimi, wiki yake ya kwanza, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akivua viatu, aliongea akila, aliongea hata na mwiko wa mpishi. Asubuhi alinisimulia ndoto zake, na kama hakuota alinisimulia za baba yake. "Baba ameota geti linakimbia, mwalimu! Analifukuza na nyundo!" Baba yake alikuwa mchomea vyuma, mtaa mzima ukimwita Fundi Geti. Mama yake alikuwa amejifungua mapacha miezi michache nyuma, na nyumba yenye mapacha haina sikio la ziada. Kwa hiyo maneno yote ya Chiriku aliyaleta kwetu, na kwa muda fulani mimi ndiye niliyekuwa sikio lake.

Nilikuwa msaidizi katika darasa lao, darasa la vidudu kama watu walivyoliita. Sikusomea kulea watoto. Nilimaliza shule nikakaa, nikabeba zege, nikauza vitabu vikuukuu kando ya barabara, na katika kubeba na kuuza nikajifundisha kutunga. Mizani nilijifunza kwa vidole vyangu, na vina nilijifunza kwa kugombana na watu. Niliwahi kutoka kwenye harusi ya binamu yangu kabla ya chakula, nikiwa nimevimba, kwa sababu mshereheshaji alisoma shairi lenye mizani saba na watu wakampigia makofi. Shangazi yangu alinifuata mpaka njiani. "Rudi ule, wewe! Hiyo mizani itakushibisha?" Sikurudi. Nililala na njaa na fahari yangu.

Mwalimu Mkuu alinichukua kwa ajili ya utunzi huo. Alikuwa mama mtulivu, karibu kustaafu, aliyezungumza na watoto kwa kuinama mpaka macho yake yakawa sawa na yao. "Mtoto mdogo hashiki maelezo," aliniambia. "Anashika wimbo. Nitungie nyimbo za siku nzima, darasa lisiwe mahali pa kufokeana." Nikamtungia. Kulikuwa na wimbo wa kuvua viatu, wimbo wa kunawa, wimbo wa kukunja mikeka. Mwezi haukuisha, darasa letu likawa halina kelele za mtu mzima. Ulianza mstari, watoto wakaumalizia, na kazi ikawa inafanyika huku wanacheka. Kazi hiyo ilikuwa njema, sitaikana.

Lakini kulikuwa pia na wimbo wa ruhusa.

Huo niliutunga nikiwa na hasira. Mtoto mmoja akiomba kwenda chooni, kumi walimfuata, na wote uliwakuta bombani wamelowana mpaka vichwani. Nikaweka sheria yangu. Anayetaka kwenda asimame wima, mikono ubavuni, aombe kwa shairi, mistari minne, ikae sawa:

Mwalimu naomba njia,
haja yangu imefika,
nitarudi kutulia,
bila huko kuzunguka.

Akikosea, arudie mwanzo. Nilijiaminisha kwamba mwenye haja ya kweli ataukumbuka, na mwenye haja ya kuchezea maji atachoka njiani. Na niseme na hili: nilipenda kuwasikia. Mkaguzi alipokuja, mtoto mmoja alisimama akaomba njia kwa vina vyote, na mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani aipanguse. "Hapa hata haja inaombwa kwa mashairi!" Mwalimu Mkuu naye akacheka. Sifa hiyo niliilamba wiki nzima kama asali kidoleni. Sikujiuliza itakuwaje kwa mtoto ambaye kumbukumbu humkimbia pale tu mwili unapombana.

Ilikuwa Jumatatu, kabla ya mapumziko. Chiriku alisimama.

"Mwalimu naomba njia," alisema haraka. "Haja yangu imefika. Nitarudi... nitarudi..."

"Utarudi nini?"

"Nitarudi bila..."

"Umeruka. Rudia mwanzo."

Akarudia. Alikuwa akihama mguu huu kwenda mguu ule. Alifika pale pale, akakwama pale pale. Mtoto aliyekuwa na maneno ya kumtosha kila mtu mle ndani alikosa neno moja. Akaniangalia akasema kwa lugha ya kawaida, "Mwalimu, nimebanwa."

"Nimekusikia," nilimjibu. "Sasa niombe vizuri."

Akafungua mdomo aanze tena. Hakuanza. Maji yalishuka mguuni, yakajaza soksi, yakatandaa sakafuni mpaka kwenye mkeka wa jirani yake.

Watoto hawakumcheka. Nataka hili lijulikane: hawakumcheka. Waligeuka wote wakanitazama mimi, wajue jambo kama hili huwa linafanywaje. Ningechukua dekio. Ningesema, "Haya, hutokea," na lingekwisha, kabla ya chakula cha mchana hakuna ambaye angelikumbuka. Lakini mistari ilinijia. Ilikuja yenyewe, yote minne, na vina vile vile vya wimbo wa ruhusa, kama jibu lake. Mtu anayetunga anajua jinsi mistari ya namna hiyo inavyolevya. Sikufikiria mtoto. Nilifikiria "lamwagika" na "haraka". Nikaisema kwa sauti, nikaonyesha kwa mkono mtu anayekimbia na ndoo.

Darasa likalipuka. Mmoja akaanzisha makofi, mawili na moja. Wakarudia, nikawasahihisha mstari wa tatu, wakarudia tena.

Na Chiriku mwenyewe aliimba. Hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi. Alidhani ni wimbo mpya kama zile nyingine, akapiga makofi na wenzake. Alipofika kwenye ndoo akatazama chini, akaona viatu vyake. Mikono yake ilibaki hewani, imeachana, haikukutana tena.

Kuanzia siku ile wimbo ulitoka darasani ukaenda uwanjani, na Chiriku akaanza kupungua. Sisemi mwili, nasema sauti. Ndoto ziliisha. Nilipomuuliza baba ameota nini alisema, "Hajalala." Alivua viatu kimya, alikula kimya, na wimbo wa kunawa ulipoanza alisogeza midomo bila kutoa kitu. Mimi nilijiambia anakua.

Aliyeona alikuwa mpishi. Huyu mama alikuwa na mikono mizito na ulimi mwepesi, na mimi aliniita Malenga wa Vidudu. Siku moja baada ya chakula aliniita jikoni.

"Malenga, njoo. Acha vina vyako huko nje, vitakusubiri."

Alikuwa amepanga vikombe mezani. Kila mtoto alikuwa na chake chenye alama. Cha Chiriku kilichorwa samaki. Vingine vyote vilikuwa vitupu. Cha samaki kilijaa mpaka ukingoni.

"Jana hivi hivi," mpishi alisema. "Juzi hivi hivi. Wiki ya pili hii. Mtoto huyu hanywi maji."

"Labda hana kiu."

"Kwa jua hili? Hata ukuta una kiu." Alikimwaga kikombe kwenye beseni polepole, akinitazama. "Watoto wanaimba nini kule bombani?"

"Nyimbo tu."

"Hm," alisema. "Nyimbo tu."

Nilitoka jikoni nikiwa nimekasirika, na sikutaka kujua hasira yenyewe inamhusu nani.

Ijumaa Chiriku aliweka kichwa mezani asubuhi na hakukiinua. Nilipomgusa shingo alikuwa anachoma kama bati. Mwalimu Mkuu alimbeba mwenyewe mpaka zahanati, baba yake akawafuata huko akiwa bado na miwani ya kuchomea kichwani. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu alitueleza, tukiwa tumekaa kwenye viti vya watoto, magoti yametufika kifuani.

"Daktari anasema ana maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili umekauka. Mtoto anajizuia. Hanywi ili asiende chooni, na akibanwa anabana mpaka nyumbani. Huko kwao pia ameanza kukataa maji. Dawa amepewa, lakini dawa bila maji ni kazi bure." Alitutazama mmoja mmoja. "Mtoto hajizuii hivi hivi tu. Hapa kwetu kuna kitu amekiogopa. Nani anajua ni nini?"

Walimu wawili walitikisa vichwa. Mimi nilitazama kucha zangu. Kulikuwa na rangi ya bluu chini ya kucha moja, nikawa naitoa kwa makini kama mtu aliyepewa kazi hiyo. Mpishi alisimama mlangoni na sinia lake la vikombe. Alinipa nafasi. Nilihisi jinsi alivyonipa nafasi, kimya chake kilikuwa kama mkono begani. Kisha akageuka akaenda zake.

"Haya," alisema Mwalimu Mkuu. "Atakayekumbuka aje aniambie. Mlango wangu hauna komeo."

Sikwenda.

Siku iliyofuata Fundi Geti alikuja shuleni. Nilimwona tangu getini, jitu la mtu, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Nilijua amekuja kunivunja, na kwa kweli nilifarijika. Mtu akikupiga mnamalizana. Alinifuata mpaka chini ya paa la kuchezea, akavua kofia.

"Mwalimu, samahani kukusumbua kazini."

"Hakuna usumbufu, mzee."

"Ni huyu mtoto. Mama yake amebembeleza, mimi nimebembeleza, nimemtishia, nimemwahidi baiskeli. Anafunga meno. Usiku midomo inapasuka." Alikunja kofia mara mbili. "Sasa nikawaza. Zamani alikuwa akirudi nyumbani ni mwalimu kasema, mwalimu katunga. Nyimbo zako zote alikuwa akiziimba kitandani, hata sisi tunavua viatu kwa wimbo siku hizi." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Mimi sijui mambo hayo. Mimi ni chuma tu. Lakini nikasema niende kwa mwenye kipaji chake. Nakuomba umtungie wimbo wa kunywa maji."

Ningemwambia pale pale. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameshika kofia mikononi, mtu mzima mwenye umri wa kunizaa, ananiita mwenye kipaji, na mimi nikasema, "Nitautunga leo, mzee. Kesho nitakuja nao mwenyewe."

"Mungu akulinde, mwalimu." Alinipa mkono, na mkono wangu ulipotea ndani ya wake.

Nilitunga jioni ile. Nikafuta, nikatunga tena, nikatafuta maneno yenye ubaridi ndani yake, na kufikia chakula cha jioni nilikuwa nimeshajisamehe nusu. Ulikuwa wimbo mzuri, mzuri kuliko ule mwingine. Nilijiona nakwenda kuufuta mmoja kwa mwingine, na hakuna atakayejua.

Kesho yake, wakati naondoka, mpishi alikuwa getini akipepeta mchele.

"Unakwenda kwao?"

"Nakwenda. Baba yake ameniomba wimbo."

Ungo ukasimama. "Wimbo! Malenga, sikiliza. Yule mtoto haogopi maji. Anakuogopa wewe."

Damu ikanipanda. "Wewe shughulika na sufuria zako, mama. Mambo ya watoto waachie waliosoma."

Sikuwa nimeyasomea, naye alijua sikuyasomea. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. "Sawa, mwanangu," alisema, akarudi kwenye mchele wake. Neno hilo "mwanangu" nilitembea nalo njia nzima kama kokoto ndani ya kiatu.

Nyumbani kwa Fundi Geti, uani, kulikuwa na mageti mawili yaliyoegemezwa ukutani, moja lina maua ya chuma, jingine bado mifupa. Harufu ya chuma kilichoungua ilifika hadi sebuleni. Mapacha walikuwa wamelala kwenye mkeka, mama yao amekaa karibu yao, na Chiriku ameketi ubavuni mwake. Alikuwa amekonda usoni. Midomo ilikuwa na nyufa nyeupe.

"Hodi humu."

"Karibu, mwalimu, karibu ndani!" Mama alinivutia kiti. "Chiriku, mwamkie mwalimu. Ona, amekuja kwa ajili yako."

Chiriku aliniamkia, akiangalia viatu vyangu.

"Mwalimu amekutungia wimbo," alisema baba yake. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, anatabasamu kama mtu anayesubiri mwanawe atunzwe. "Wako peke yako. Haya, sikiliza."

Nikakohoa. Nikaanza: "Maji baridi nipoe, kiu yangu iondoke..."

Sikufika mstari wa tatu. Chiriku aliinuka. Alisimama wima katikati ya sebule yao, mikono ubavuni, macho kwenye ukuta nyuma yangu, na bila kukwama popote, kwa sauti kavu, akasema:

"Mwalimu naomba njia, haja yangu imefika, nitarudi kutulia, bila huko kuzunguka."

Baba yake alipiga makofi. "Si unaona! Si nilikwambia, mama? Vyote anavyo kichwani!"

Chiriku hakuondoka. Alisimama vile vile. Alibana goti kwa goti.

"Haya, nenda basi," alisema baba yake. "Choo si kile pale?"

Hakusogea.

"Mbona haendi?"

"Anasubiri," alisema mama yake. Alikuwa ameacha kuwapepea mapacha.

"Anasubiri nini?"

"Anamsubiri mwalimu."

Choo kilikuwa hatua sita kutoka pale, kwao, nyumbani kwao. "Nenda, mama," nilimwambia Chiriku. "Nenda."

Akakimbia.

Fundi Geti aliutazama mlango aliopitia mtoto, kisha akanitazama mimi, na lile tabasamu lilikuwa bado halijamtoka lote, limebaki upande mmoja wa mdomo kama kitu kilichosahauliwa.

"Mzee," nilisema, "hakuna kitu kilichomtisha huko shuleni. Ni mimi."

Nikamweleza. Sheria ya mistari minne. Rudia mwanzo. "Nimebanwa," na jinsi nilivyomjibu. Nilipofika kwenye wimbo wa pili nilisema tu kwamba nilimtungia maneno ya kumtania.

"Maneno gani?" aliuliza mama yake.

"Ya utani tu, mama."

"Yaseme."

Niliyasema. Hayakuwa na makofi safari hii, wala kicheko, wala vidole vyangu havikuhesabu. Mistari minne, ndani ya chumba chenye watoto wawili waliolala, mbele ya mama aliyekuwa akilowesha kitambaa kila usiku kuipangusa midomo ya mwanawe. Nimesoma mashairi yangu mbele za watu mara nyingi tangu hapo, na sijawahi kusikia tena shairi likisikika jinsi lilivyo kama nilivyolisikia lile.

"Nilikuja kwako," alisema Fundi Geti taratibu. "Nilivua kofia."

"Ndiyo, mzee."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilisubiri anishike kola. Alikaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani. "Mimi nikichomea geti ovyo," alisema, "na geti likamwangukia mtoto wa mtu, siwezi kumwambia mwenye mtoto kwamba nilikuwa nashughulikia maua yake yapendeze."

"Naomba mnisamehe. Wewe na mama."

"Usituombe sisi," alisema mama. "Sisi hatukusimamishwa."

Chiriku alikuwa amerudi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisimama kwenye kizingiti, akifuta mikono iliyolowa kwenye gauni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Nimepatia?" aliuliza.

Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti. Hata hivyo nilikuwa mrefu kumzidi, nikakaa kabisa chini. "Umepatia yote," nilimwambia. "Lakini haikutakiwa uyaseme. Siku ile ulisema umebanwa, na hilo lilitosha. Mimi ndiye nilikosea. Wewe hukukosea kitu."

Alifikiria. "Hata nilipomwaga?"

"Hata ulipomwaga. Nilikuzuia mimi."

"Na nikija shule nikibanwa?"

"Unainuka unakwenda. Huniombi. Hata kama nasoma, hata kama anasoma Mwalimu Mkuu."

Alimtazama baba yake, aliyekuwa bado sakafuni. Akamtazama mama yake. Akasogea hatua moja, akasimama mahali ambapo mkono wangu haungemfikia.

"Na wakiimba ule wimbo?"

"Nitawanyamazisha."

"Na wewe?" alisema. "Wewe ukiimba, nani atakunyamazisha?"

Nilimwangalia Fundi Geti, naye hakunisaidia, wala hakupaswa. Nje upepo ulikuwa ukiligongesha geti moja ukutani. Chiriku alisubiri. Yeye alishajua kusubiri. Mimi ndiye niliyemfundisha.

"Nisikilize," nilisema, na nilisema kwa sauti ili baba yake na mama yake wawe mashahidi. "Leo kabla sijafika kwangu ninapita kwa Mwalimu Mkuu, namwambia yote. Kesho asubuhi, kabla hamjavua viatu, nitasimama mbele ya wenzako na mpishi akiwepo, niwaambie mwenye kosa ni mimi na nimekuja kukuomba radhi. Na sitakuimba tena, wewe wala mtoto mwingine yeyote, kwa jambo lililomuumiza. Nikithubutu, mwite mpishi anitoe darasani kwa mwiko, nami nitatoka. Nakuahidi."